Madoa ya Upande wa Kushoto

Nilizaliwa katika nyumba ambayo samaki alihesabiwa kuwa shemeji wa nyoka. Nyanya yangu alikuwa akisema kitu kisichoweza kufumba macho hakiingii sufuriani kwake, na mpaka leo nikipita kwenye vibanda vya samaki pale sokoni Nakuru nawasalimia wauzaji nikiwa nimegeuza shingo. Kwa hivyo ukiniuliza ilikuwaje nikawa mtu wa kuwafundisha wanawake wa chama chetu cha akiba habari za samaki mkubwa kuliko wote duniani, nitakwambia ukweli: nilimlea vibaya mtoto wa dada yangu.

Dada yangu alifariki huyo kijana akiwa darasa la pili, nikamchukua. Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu moja: nilikuwa napatikana nyumbani. Mimi ni mtu wa kwangu. Napika mandazi jikoni, huku upande wa Lanet, wenye maduka wanakuja kuyachukua kwa ndoo, na nikishatoa ya asubuhi naketi mlangoni na kikombe cha chai nikiangalia volkano ya Menengai, ambayo nayo haijawahi kwenda popote na hakuna anayeisema. Naivasha nimefika mara nne na zote nimerudi kulala kitandani mwangu. Watu hunicheka. Lakini ziwa letu lilipoanza kupanda likaingia kwenye mashamba na nyumba za watu, niliwaambia wanachama: mnaona? Hata maji yenyewe yanajua kwamba ukimtaka mtu, unamfuata kwake.

Kijana naye alikua na ugonjwa wa kuondoka. Alipomaliza sekondari alisema anaenda pwani wiki mbili kumsalimia rafiki. Huu ni mwaka wa saba na bado anasalimia. Huko alipata kazi ya kuwapeleka wageni baharini kwa boti, wakavae miwani ya kuogelea na kumtazama samaki ambaye watu wa pwani wanamwita papa shilingi. Wanasema Mungu alipomaliza kumuumba alifurahi sana, akamrushia sarafu za fedha mgongoni, na ndiyo hayo madoa meupe yanayong'aa mpaka leo.

Akawa ananipigia simu ya video nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Tata," ndivyo kwetu tunavyomwita dada ya mama, "leo nimeogelea na mnyama mrefu kuliko nyumba yako."

"Nyumba yangu ina vyumba vitatu."

"Ukiweka na choo cha nje, Tata."

Biolojia mimi nilipata D, na hata hiyo D mwalimu alinipa kwa huruma kwa sababu nilikuwa najua kuchora mende. Kwa hivyo kijana alinifundisha polepole, kila asubuhi somo moja, mimi nikigeuza mandazi. Kwamba si nyangumi, ingawa ana ukubwa wa nyangumi. Ni papa, ana matamvua ya kupumulia majini, na mwili wote huo hauna mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu kama sikio langu. Kwamba ana meno maelfu, madogo kama chembe za mchele uliovunjika, na hayatumii.

"Papa si ndio wanakula watu?"

"Huyu hawezi, Tata. Mdomo wake ungeingiza godoro lako la futi nne bila kulikunja. Lakini koo ni jembamba. Hata andazi lako lingemsumbua."

"Mandazi yangu yamekukosea nini?"

"Yalinilea, Tata. Nasema tu ukubwa."

Kumbe anakula vitu visivyoonekana: mayai ya samaki wengine, vikamba vichanga, vijidudu vinavyoelea. Anafungua mdomo, anameza bahari, kisha anafunga na kuyasukuma maji yatokee kwenye matamvua, na chakula kinabaki ndani kama majani kwenye kichujio cha chai. Hapo nikaelewa mara moja, maana hayo si mageni kwetu. Flamingo wa Ziwa Elmenteita anafanya vilevile: anapindua kichwa, anavuta maji, anachuja, anatema.

"Basi huyo ni flamingo wa futi arobaini asiye na miguu," nikamwambia.

"Tata, ungepata A."

Nilifurahi wiki nzima. Nikaanza kuona mambo. Ule udongo mweupe wanaouchimba Kariandusi, ambao zamani tulikuwa tukijipaka usoni kama watoto wa wazungu, aliniambia ni mabaki ya mimea midogo mno iliyoishi kwenye ziwa la kale. Na huko baharini ndugu wa mimea hiyo ndio wanaoliwa na vijidudu anavyokula papa shilingi. Yaani tumeketi juu ya chakula cha chakula chake, ila bahari ndiyo ilikosa nauli ya kufika.

Mawili nilipenda kuliko yote. La kwanza: hakuna papa shilingi wawili wenye madoa yanayofanana. Ukimpiga picha nyuma ya matamvua, upande wa kushoto, ukatuma kwa wataalamu, kompyuta itakwambia huyu ni nani, mara ya mwisho alionekana wapi. Hesabu yenyewe waliiazima kutoka kwa watu wanaotazama nyota. Kwa nini kushoto? Walikubaliana tu, akasema kijana, ili wasichanganye. Siku hizi yeye mwenyewe hahitaji kompyuta. Anaingia majini na anawaita kwa majina aliyowapa.

La pili: wale wanaoonekana karibu na ufuo wengi ni madume wachanga. Majike makubwa hayaonekani sana. Yako mbali, kwenye vilindi, na hata wenye elimu zao hawajui vizuri yanazalia wapi.

"Yako kwao," nikamwambia. "Wanaozurura ufuoni ni vijana wa kiume. Mwanamke mwenye akili ametulia nyumbani na hasumbuliwi na watu wa miwani."

Hilo la pili nililitangaza kwenye chama, kanisani, na kwa fundi wa bomba ambaye hakuwa ameuliza. Wakaanza kuniita Daktari wa Samaki. Kuna mama mmoja alikuwa akiniuliza kila Jumapili, "Daktari, mgonjwa wako anaendeleaje? Na umemwona lini?" Namwambia daktari mzuri anatibu hata kwa simu.

Sasa, huyo kijana akapata mchumba. Msichana wa Karagita, anafunga maua kwenye shamba moja pale kando ya Ziwa Naivasha. Alikuwa amekwenda pwani na wafanyakazi wenzake, wakapanda boti ya kijana wangu, na safari nzima alitapika kwa upande mmoja wa boti. Papa shilingi akatokea upande huohuo. Mpaka leo wanabishana kama ni yeye aliyemwita.

Tukaenda kujitambulisha kwao. Nyanya ya msichana ana shamba chini ya Mlima Longonot, na yeye ndiye serikali ya ile familia. Shosho huyo, ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, ni mdogo, mkavu, mwenye macho ya mtu anayehesabu vijiko mkiondoka. Mzee wetu wa kusema alisimama akasema vizuri, mpaka Shosho alipouliza kijana anafanya kazi gani. Mzee akanitazama. Mimi nikatazama chai.

"Anahesabu samaki," mzee akasema.

Hema lote likacheka. Mjomba mmoja wa upande wao akauliza kama akimaliza kuhesabu anaruhusiwa kubeba mmoja. Ndipo mimi, mtu wa D ya biolojia, nikasimama bila kuitwa.

"Hahesabu tu," nikasema. "Anawatambua. Mia moja wakiwa pamoja, wote wakubwa kama trela, yeye atakwambia huyu ni nani na yule ni nani, kwa madoa tu. Msicheke. Hata siku ya kumficha bibi arusi, huyu hamwezi kumdanganya. Mtu anayemtambua samaki kwa ubavu atashindwa kumtambua mke wake?"

Kwa ambao hawajaiona hiyo desturi yetu: siku ya mahari, bibi arusi anafichwa katikati ya wasichana wengine, wote wamefunikwa leso kutoka kichwani, wakasimama mstari mmoja. Bwana arusi anapewa nafasi ya kuonyesha wake. Akikosea, upande wake unatozwa faini, kwa kawaida mbuzi, na kuchekwa ambako hakuna bei.

Shosho aliweka kikombe chini.

"Mama, huyo samaki wewe umemwona?"

"Nimemwona kwenye simu, Shosho."

"Kwenye simu hata mimi nimemwona Rais." Akangoja kicheko kiishe. "Mbuzi tunao. Kijana wako akikosea, faini ni wewe. Utaenda huko baharini, uingie majini, umwone samaki na macho yako, halafu urudi hapa unieleze. Nimechoka kuelezwa vitu na watu ambao hawajaviona."

Mzee wetu, msaliti yule, akasema neno limepokelewa. Wakapiga makofi. Nikaketi. Kumbukeni mimi ni mtu ambaye hata karai la kuogea silijazi.

Kuanzia siku hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kuhakikisha kijana hakosei. Na kwa kuwa imani bila matendo imekufa, nilienda sokoni nikanunua leso ya rangi ya bluu iliyoiva, yenye madoa meupe kama sarafu, papa shilingi mtupu. Nikamtumia bibi arusi Karagita kwa mtu wa boda boda ninayemwamini, kisha nikampigia simu.

"Siku hiyo ujifunike na hii, mama. Usiulize."

"Auntie, hiyo si ni kuiba mtihani?"

"Ni kusaidia sayansi."

Akacheka. Kijana sikumwambia neno. Madoa angeyaona mwenyewe; ndiyo kazi yake.

Siku ya siku ilifika, mwezi wa nane, upepo wa Longonot ukitujaza vumbi kwenye meno. Tuliimba langoni mpaka tukafunguliwa, wazee wakaingia ndani kuzungumza yao, sisi tukabaki kwenye hema. Nilikuwa nimetulia. Nimekula hata nyama ya pili. Mara Shosho akanishika mkono.

"Njoo unisaidie kidogo nyuma ya nyumba."

Nikaenda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na wasichana sita, na kila mmoja ameshika leso ya bluu yenye madoa meupe. Sita! Bibi arusi alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Alinionyesha ile uliyomtumia," Shosho akasema. "Ni mtoto mwaminifu. Nikaipenda sana, nikatafuta zingine. Pamoja na ile yako zikawa saba. Sasa nina leso saba na wasichana sita."

"Shosho, mimi ni wa upande wa bwana."

"Kweli. Basi nichukue maikrofoni niwaeleze watu ni nani alinunua ya kwanza? Chagua."

Nikavua viatu. Alitaka wote tuwe peku, asije mtu akatambulika kwa viatu. Akanifunika, akanisukuma mstarini, wa tano, na bibi arusi akawekwa wa nne, karibu nami. Nilimjua kwa pumzi, maana alikuwa akichekea puani.

"Nisamehe, Auntie," akanong'ona.

"Nyamaza. Simama kama mke wa mtu."

Sijui kama umewahi kusimama juani ndani ya leso mpya ambayo haijafuliwa. Inanuka duka. Huoni kitu ila miguu: yako, ya jirani, na nyasi. Nje, vigelegele. Mtangazaji, yule mjomba wa "kubeba mmoja," alikuwa anapiga kelele: "Bwana Samaki, bahari ndiyo hiyo! Tafuta wako!"

Nikaona viatu vya kijana vikianza mwanzo wa mstari. Alitembea bila haraka. Aliwahi kuniambia majini humfukuzi papa shilingi, maana hata akienda polepole hutamfikia. Unajilegeza, unamwacha apite, umbali wa hatua kadhaa, na humgusi. Basi hivyo ndivyo alivyopita. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Akafika kwa bibi arusi, akasimama.

Nikamsukuma msichana kwa kiwiko, asogee mbele hata inchi moja. Akasogea. Viatu havikuondoka. Moyoni nikaanza wimbo wa shukrani, nikafika mpaka kiitikio.

Viatu vikaondoka, vikaja mbele yangu.

 Niliona magoti yake yakikunjika. Alikuwa amechuchumaa. Alikuwa anatazama mguu wangu wa kushoto.

Sasa nieleze. Huo mguu una makovu manne ya mafuta ya moto, juu kidogo ya vidole. Matatu yamekaa kama mafiga ya jiko na la nne limeanguka pembeni. Niliyapata asubuhi moja kijana akiwa darasa la tatu, alipokuja mbio jikoni kuniambia ameota anaruka. Miaka mingi baadaye, akifanya kazi ya shule sakafuni, alikuwa akiyagusa kwa ncha ya penseli: moja, mbili, tatu, na mtoro. Hakuna mtu mwingine duniani anayeyajua madoa hayo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau.

Nikajaribu kuuficha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia. Nikasikia akiguna, ule mguno wake wa kuzuia kicheko.

Akasimama. Akaweka mkono juu ya kichwa changu.

"Huyu ndiye wangu," akasema.

Shosho mwenyewe ndiye aliyekuja kunifunua. Sijui nilitoka na uso gani, lakini watu walianguka. Mama yule wa "mgonjwa wako anaendeleaje," ambaye nilimwalika mimi mwenyewe kwa ujinga wangu, alilazimika kushikiliwa. Mtangazaji akapiga kelele: "Hongera, bwana arusi! Umechukua wa zamani, wale walitengenezwa kwa chuma!" Mzee wetu alifuta machozi kwa kofia.

Na kijana, bila kutazama chini wala juu, akanyoosha mkono kwa wa nne, akamfunua bibi arusi kama mtu anayefunua sufuria yake mwenyewe.

"Ulikuwa umemjua!" nikamwambia.

"Tangu alipocheka, Tata."

"Na mimi?"

"Upande wa kushoto haudanganyi."

"Umeniuza mbele ya watu."

Akaniinamia sikioni, maana vigelegele vilikuwa vingi. "Miaka saba nimekuita uje kuona kazi yangu. Kila mara una unga mikononi. Ningefanyaje?"

Nikatazama mikono yangu; siku hiyo haikuwa na unga. Nikaomba maji.

Faini nililipa mwezi wa kwanza, msimu wa joto ambapo hao samaki hukaribia ufuo. Sitaeleza safari. Nitasema tu kwamba nilibeba chai yangu kwenye thamosi, na kwamba bahari ni kubwa kuliko ilivyo lazima. Kijana alinivisha jaketi mbili za kuelea, moja juu ya nyingine, akanipa miwani na mrija wa kupumulia, akanipa boya nishike, nikaingia majini nikiwaita watakatifu na wasiotajwa. Nikatumbukiza uso, nikafumba macho. Nilikaa hivyo kwa muda nikisikia pumzi yangu tu.

"Tata," alisema kijana juu ya kichwa changu, "yuko chini yako. Fungua macho. Umetoka mbali mno kufumba."

Nikafungua. Mwanzoni sikuona samaki, niliona madoa. Meupe, mengi, yamepangwa mistari, yakipita taratibu kama taa za mji ukiziangalia kutoka juu ya Menengai. Yalipita na kupita, na bado hayajaisha. Kisha nikaona kichwa, kipana kama meza ya harusi, na mdomo wazi ukichuja bahari bila haraka ya mtu yeyote. Samaki wadogo walikuwa wamejibandika tumboni mwake kama jamaa wakati wa Krismasi. Mwishoni nikaona jicho, dogo kwa mwili ule, likinitazama. Nikasahau kuogopa. Nilihesabu madoa yaliyo nyuma ya matamvua yake, kushoto, nikafika kumi na saba, akapita.

Tuliporudi nilienda Longonot moja kwa moja kutoa ripoti. Shosho alinikalisha jikoni, akanipa uji, akafunga mlango ili tusisumbuliwe. Nikamweleza yote. Urefu, ngozi, mdomo, kichujio, hata jaketi zangu. Alisikiliza bila kunikatiza, macho yale yale ya kuhesabu vijiko.

"Na yeye alikuona?"

"Aliniona, Shosho. Tulitazamana."

"Akafanya nini?"

Hapo nikasita, lakini nilikuwa nimeapa kusema nilichokiona. Samaki huyo hana kope. Nyanya yangu alikuwa sahihi kwamba hawezi kufumba macho. Ila ana ujanja mwingine: akikutana na kitu asichokipenda, anairudisha mboni nzima ndani ya kichwa, jicho linatoweka, linabaki shimo tu.

"Alinitazama kidogo," nikasema, "halafu akalivuta jicho ndani."

Shosho akanimiminia uji mwingine kwenye kikombe, akafikiria sana.

"Jaketi mbili?" akauliza.

"Mbili."

"Hata mimi ningelivuta."